Pinki Iliyotulia: Somo la Kuchagua Rangi ya Ukuta

Wanachuo wenzangu, hili ni somo, kwa hiyo nalianza kama tunavyofundishwa kwenye mbinu za ufundishaji: malengo kwanza. Ukimaliza kusoma kurasa hizi uweze kufanya mambo manne. Moja, kueleza kwa nini rangi uliyoipenda dukani inageuka ukishaipaka ukutani. Mbili, kuchagua pinki iliyotulia, ile yenye joto, kwa kuangalia dirisha lako linatazama wapi. Tatu, kukokotoa lita za rangi ili hela isipotee. Nne, kumjibu bila ugomvi mtu anayesema pinki ni rangi ya wasichana na saluni.

Najua kuna mtu ameshaanza kufungua ukurasa unaofuata. Rafiki, subiri kidogo. Ukihitimu utapanga chumba, au utapangiwa kituo cha kazi na kupewa nyumba ya mwalimu yenye kuta zilizochoka, na siku hiyo hakuna mhadhiri atakayekuja kukusaidia. Wengine hata sasa mnaishi kwenye mageto ya mtaani yenye ukuta mweupe uliogeuka kijivu, na chini mkanda wa rangi ya mafuta ya bluu. Unarudi jioni, unawasha taa, unajisikia kama umeingia stoo. Hoja yangu ni moja: ukuta hupakwa kwa ajili ya mtu anayeishi humo na kwa mwanga unaoingia humo. Picha ya kwenye simu na macho ya wapita njia vinakuja baadaye sana.

Mimi nasoma ualimu, na masomo yangu ya kufundishia ni Geografia na Hisabati. Rangi za nyumba hazimo kwenye mtaala. Zilinijia likizo ndefu ya mwaka jana, mama yangu alipoamua kwamba sebule ya nyumba yetu Iringa ipakwe pinki. Nyumba hiyo marehemu baba aliifikisha kwenye lenta. Mama akaezeka, akapiga lipu, akaweka madirisha, yote kwa biashara yake ya viazi na maharage. Kuta za sebule zilikaa na lipu tupu miaka sita. Kwa hiyo aliposema pinki, hakuwa anatania. Sebule hiyo nitaitumia kama mfano wetu.

Pinki gani hasa?

Neno pinki linabeba mizigo mingi. Kuna pinki ya bigijii, ambayo inapiga kelele hata ukifumba macho. Kuna pinki ya maua ya plastiki. Hizo siziongelei. Ninayoiongelea inafanana na nyama ya pera lililoiva ukiisaga na maziwa mengi. Ukiwa mbali unaweza kudhani ni rangi ya maziwa tu, mpaka uiweke karibu na kitu cheupe kweli.

Pinki yoyote ni nyekundu iliyopunguzwa nguvu kwa nyeupe. Tofauti inatokana na nyekundu uliyoanza nayo. Nyekundu inayoelekea kwenye bluu inazaa pinki ya baridi, ndugu yake zambarau. Nyekundu inayoelekea kwenye njano au kahawia inazaa pinki yenye joto. Nyeupe ya kwenye makopo ya kisasa inatokana na titani dioksidi. Nyekundu iliyotulia mara nyingi inatokana na oksidi ya chuma, na hiyo ndiyo inayoupa wekundu udongo wetu wa Iringa, ule unaoganda kwenye viatu masika. Kwa maneno mengine, pinki yenye joto ni udongo mwekundu uliozidiwa na weupe. Haijatoka mbali.

Namna ya kuipima ni rahisi. Chukua sampuli ya dukani, weka pembeni yake karatasi nyeupe ya kuandikia. Jicho la binadamu ni hodari wa kulinganisha kuliko kukumbuka. Ukiiangalia rangi peke yake, zote zinaonekana nzuri. Ukiweka karatasi, utaona mara moja kama inaelekea njano au bluu.

Jua lako si jua la London

Hapa ndipo Geografia inaingia. Ukitafuta ushauri wa mapambo ya nyumba, mwingi umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Watakwambia chumba chenye dirisha la kaskazini ni cha baridi na mwanga wake ni wa bluu, kwa hiyo kipewe rangi zenye joto. Kwao ni kweli. London iko karibu nyuzi 51 kaskazini mwa Ikweta, na jua la saa sita mchana liko upande wa kusini mwaka mzima. Dirisha la kaskazini kule halipati jua la mchana hata siku moja.

Sasa njoo Iringa, karibu nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu katikati ya Oktoba, jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Miezi ya baridi kali, Juni na Julai, imo humo. Maana yake dirisha la kusini ndilo linalokosa jua wakati ule ule tunaolihitaji. Ushauri wa London ukiufuata neno kwa neno, utakipa joto chumba chenye jua na kukiacha chumba cha baridi kiendelee kutetemeka.

Dar es Salaam na Dodoma hesabu inakaribiana na hiyo, ingawa Dar tatizo ni joto, kwa hiyo wengi hawahitaji ukuta uwaongezee. Mwanza, iliyo nyuzi 2 na nusu tu kusini, jua linagawana pande mbili karibu sawasawa, hivyo kaskazini na kusini havitofautiani sana. Kwa wote, tazama pia mashariki na magharibi. Dirisha la mashariki linaleta mwanga wa asubuhi, kisha ukuta unapoa mchana. Dirisha la magharibi linaleta jua la saa kumi na moja jioni, ambalo lenyewe lina wekundu. Pinki yenye joto ikikutana nalo inaweza kuwaka kama chungwa. Mwenye dirisha la magharibi achukue pinki hafifu zaidi.

Sebule ya mama ina dirisha kubwa linalotazama kusini na jingine dogo mashariki. Mwezi Julai, ukungu wa asubuhi ukishuka, mwanga wa mle ndani ni wa kijivu mpaka saa nne. Nyeupe tupu ingeongeza ubaridi. Mama hakuhitaji ramani ya dunia kulijua hilo. Alisema tu kwamba sebule ile inamfanya avae kitenge cha pili. Geografia yangu ilikuja kueleza kitu ambacho yeye alishakihisi mabegani.

Taa, jirani na kona

Jua si mwanga pekee. Wanafunzi tunakaa vyumbani zaidi usiku, kwa hiyo angalia taa yako. Kwenye boksi la taa za kisasa kuna namba ya kelvini. Taa ya 6500 ni nyeupe inayovuta kwenye bluu, na ndiyo iliyojaa madukani. Chini yake pinki yenye joto inapauka, na ile ya baridi inageuka zambarau kabisa. Taa ya 3000 au 2700 ni ya njano, na chini yake pinki inaiva kama pichi. Kabla hujalaumu rangi, badilisha taa. Ni rahisi kubadilisha taa moja kuliko kupaka chumba kizima upya.

Kuna na vitu vya nje. Mwembe ulio karibu na dirisha unatupa ukijani ndani. Bati la bluu la jirani linatupa ubluu. Uwanja wa udongo mwekundu unatupa joto. Usichague rangi bila kujua dirishani kwako kuna nini.

La mwisho kwenye mwanga ni kona. Kuta nne za pinki zinatazamana. Mwanga unagonga ukuta huu, unachukua wekundu kidogo, unagonga wa pili, unachukua tena. Ndiyo maana chumba kikishapakwa chote, rangi huonekana kali kuliko kipande cha sampuli. Kanuni ya mafundi wazuri ni hii: ukishaipata unayoipenda, rudi nyuma hatua moja, chukua iliyo hafifu zaidi.

Kwa sababu zote hizo, usinunue kopo kubwa kwanza. Nunua kopo dogo kabisa, chukua kipande cha plaiwudi au boksi gumu, karibu sentimita 60 kwa 60, kipake mara mbili, kikauke. Kisha kihamishe. Kiegemeze ukuta wa mbele ya dirisha, kesho yake ukuta wa pembeni ya dirisha. Kiangalie saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni, na usiku taa ikiwa imewashwa. Siku tatu zinatosha. Nyumbani tulipaka vipande vitatu. Cha kwanza, kwenye ukuta wa kusini, kiligeuka zambarau asubuhi. Cha pili mchana kilikuwa kizuri, usiku kikawa kama tope la kijivu. Cha tatu, hiki cha pera na maziwa, kilibaki kile kile saa zote. Mama akasema, "Huyu ndiye mkweli."

Rangi ya nani?

Sasa lengo la nne. Siku ya pili ya majaribio alifika baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Akapewa kiti, akapewa chai, akakiona kipande cha plaiwudi kimeegemea ukuta.

"Shemeji," alisema, "hii ni nyumba ya kaka. Watu wakiingia watadhani ni saluni."

Mdogo wangu, ambaye ana akili za haraka, akadakia: "Baba mdogo, hiyo siyo pinki. Ni rangi ya udongo uliopauka."

Baba mdogo akaitazama upya. "Udongo?" akasema. "Udongo sawa."

Kipande kile kile, mwanga ule ule, dakika ile ile. Ungedhani mambo yameisha. Lakini mama aliweka kikombe chini.

"Ni pinki, shemeji. Sitaki uikubali kwa jina la kuazima, halafu kesho useme tulikudanganya. Ni pinki, na mimi ndiye ninayeamka humu."

Ilikuwa kimya kidogo. Nyumba ya marehemu ni jambo zito kwetu. Kila mtu ana neno juu yake, na mara nyingi mjane ndiye anayeulizwa mwisho. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaona kaka yake anafutwa kwenye kuta. Mwishowe alisema basi mlango mkubwa ubaki wa kahawia, kwa sababu kaka ndiye aliyeuchonga kwa mkono wake. Mama akakubali bila kusita, kwa kuwa hata yeye hakuwa na mpango wa kuugusa. Na kahawia ya mninga pembeni ya pinki ile inapendeza sana.

Nimelifikiria tukio hilo kama mwalimu mtarajiwa. Mtu anaposema "hapana", tunakimbilia kubadilisha jina la kitu ili aseme "ndiyo". Inafanya kazi, ila inamwacha na hofu yake ile ile ndani. Mama alichagua njia ndefu: akaita kitu kwa jina lake, akasikiliza hofu yenyewe ni ipi, akatoa alichoweza kutoa. Ukuta ulikuwa wake, mlango ulikuwa wa marehemu.

Na kwa wale wanaosema pinki tangu dunia iumbwe ni ya kike, historia haiko upande wao. Mwaka 1876, mji wa Jaipur nchini India ulipakwa pinki kwa amri ya Maharaja Sawai Ram Singh wa Pili ili kumpokea mwana wa mfalme wa Uingereza, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba. Hiyo ilikuwa rangi ya kupokelea wageni wa heshima, na mpaka leo mji huo unaitwa mji wa pinki. Nayo ni pinki ya udongo, ndugu wa hii ya kwetu. Huko Marekani, mwaka 1927 jarida la Time lilichapisha orodha ya maduka makubwa na rangi walizopendekeza kwa watoto wachanga. Maduka mengine yalisema pinki ni ya wavulana, mengine yalisema ni ya wasichana. Hawakuwa wameelewana. Mexico, msanifu majengo Luis Barragán, aliyepewa tuzo ya Pritzker mwaka 1980, alisifika kwa kuta zake, nyingi zikiwa za pinki kali, na hakuna aliyeziita saluni.

Hata lugha yetu inatusaidia. Kiswahili sanifu kinaiita rangi ya waridi, na waridi ni ua. Kijani imetokana na jani, kijivu imetokana na jivu. Wazee walitazama kitu, wakaipa rangi jina la kitu hicho. Hakuna mahali walipoandika kwamba ua ni la jinsia fulani. Washkaji zangu wa kiume, mimi chumba changu ninachopanga kina ukuta mmoja wa pinki hiyo hiyo, ule wa mezani ninaposomea. Waliocheka wiki ya kwanza sasa ndio wanaokuja kusomea kwangu.

Je, inatuliza akili?

Swali hili huulizwa sana, hasa wakati wa mitihani. Mwaka 1979, mtafiti Alexander Schauss aliwashawishi wakuu wa gereza moja la jeshi la majini huko Seattle, Marekani, wapake seli pinki. Waliripoti kwamba wafungwa wakorofi walitulia. Rangi ile ikapewa majina ya maofisa wawili wa gereza hilo, ikaitwa pinki ya Baker-Miller, na magereza mengine yakaiga. Lakini majaribio ya baadaye yaliyodhibitiwa vizuri hayakuunga mkono. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa katika gereza la Uswisi, ulilinganisha wafungwa wa seli za pinki na wa seli nyeupe, na haukuona tofauti katika ukali wao.

Kwa hiyo ukiambiwa upake pinki ili ufaulu, usikubali. Rangi haisomi kwa niaba yako. Inachofanya ni kidogo na ni cha kweli: inabadilisha mwanga unaokufikia, na inakupa mahali unapopapenda kurudi. Kwa mtu anayekaa peke yake mbali na kwao, hilo si jambo dogo.

Hesabu kabla ya dukani

Chukua sebule ya mita 4 kwa 5, yenye kimo cha mita 2.8. Mzunguko wake ni 4 + 5 + 4 + 5, yaani mita 18. Zidisha kwa 2.8, unapata mita za mraba 50.4. Toa milango miwili ya 0.9 kwa 2.1, ambayo ni 3.78. Toa madirisha mawili ya 1.5 kwa 1.2, ambayo ni 3.6. Zinabaki 43.02. Utapaka mara mbili, kwa hiyo ni 86.04.

Rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika takribani mita za mraba 10 kwa lita moja. Gawanya: unahitaji lita 8.6. Makopo mawili ya lita 4 hayatoshi, kwa hiyo nunua matatu. Lita tatu na kitu zitakazobaki zifunge vizuri uziweke kwa ajili ya kurekebisha mikwaruzo. Ukuta ukiwa na lipu ya kukwaruza, tumia 8 badala ya 10, maana unakunywa rangi zaidi. Hapo utahitaji karibu lita 10.8, na makopo yale matatu bado yanatosha.

Nunua rangi yote siku moja. Kama duka lina mashine ya kuchanganyia, andika namba ya mchanganyiko na uibandike kwenye kopo. Ukirudi baada ya mwezi na kusema "nipe ile pinki pinki hivi", utapewa nyingine. Na kama makopo ni zaidi ya moja, yamimine kwenye ndoo moja ukoroge kabla ya kuanza, ili ukuta wa mwisho usitofautiane na wa kwanza.

Maandalizi ndiyo nusu ya kazi. Lipu mpya iache wiki nne ikauke kabla ya kupaka, la sivyo unyevu utainua rangi. Ukuta wa zamani pitisha kiganja: kikitoka na unga mweupe, hiyo ni chokaa, na rangi ya maji haitashika juu yake. Kwangua, osha, paka praima. Ziba nyufa, piga msasa, futa vumbi. Dari ibaki nyeupe ili irudishe mwanga chini. Anza na brashi kwenye kona na pembezoni, kisha rola katikati. Mara ya pili subiri mpaka ya kwanza ikauke kabisa.

Na vitu vya ndani? Pinki hii inakaa vizuri na mbao za kahawia, mkeka, chungu, pazia jeupe au la kijani kibichi cha migomba. Kama una vitenge vya rangi nyingi, chagua kimoja kiongee, vingine vinyamaze.

Kama bumu limekata

Mwenye ukuta wa lipu tupu, usiowahi kupakwa rangi, ana njia ya bei nafuu: chokaa na ule unga mwekundu wa oksidi wanaotumia kwenye sakafu. Changanya chokaa na maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Unga ukoroge kwanza pembeni na maji kidogo, kisha uongeze kwenye chokaa kijiko kimoja kimoja. Usizidishe sehemu moja ya unga kwa kumi za chokaa kwa uzito. Kwa pinki hafifu utahitaji pungufu sana. Lowesha ukuta kidogo, paka nyembamba, rudia mara tatu au nne. Usishtuke ikiwa mbichi inaonekana nyekundu: chokaa ikikauka hupauka sana, kwa hiyo jaribu kwenye kona na usubiri kesho. Wanakemia wataeleza kwamba chokaa inavuta kaboni dioksidi hewani na kugeuka tena kuwa jiwe. Wengine tukumbuke tu kwamba chokaa inachoma: vaa glavu, linda macho.

Tahadhari moja kubwa ni madini ya risasi. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa nyekundu na njano zinazong'aa, zimekuwa zikitengenezwa na risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, kwenye ubongo. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa kwenye rangi ni sehemu 90 kwa kila milioni. Dukani soma kopo, tafuta maandishi kwamba haina risasi. Ukikwangua rangi ya zamani usiyoijua, lowesha kwanza, funika pua, toa watoto nje, na usifagie vumbi likiwa kavu. Sisi tunaokwenda kufundisha, tutaingia kwenye madarasa na nyumba zenye rangi za miaka mingi. Hili tulibebe.

Wapangaji, ombeni ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kugusa ukuta, na iwe kwa maandishi, hata ujumbe wa simu. Nenda na kipande chako cha plaiwudi umwonyeshe. Uliza kabisa: nikihama, nirudishe nyeupe au niache? Wenye nyumba wengi hawana shida na ukuta uliopakwa vizuri. Wanaogopa uchafu sakafuni na kona zilizoachwa nusu.

Zoezi

Moja: simama dirishani kwako saa sita mchana, uandike jua liko upande gani na nje kuna kitu gani cha rangi. Mbili: soma namba ya kelvini ya taa yako. Tatu: pima chumba chako na ukokotoe lita, kwa kupaka mara mbili. Nne: muulize mtu mmoja wa nyumbani kwenu, hasa yule ambaye huwa haulizwi, angependa ukuta wa chumba anachokaa uwe wa rangi gani. Andika alichosema kama alivyosema, usimbadilishie jina.

Mwenye swali anitafute. Rola ninazo mbili na ngazi fupi moja. Atakayezihitaji aseme, ila azirudishe zikiwa zimeoshwa.